Yule mtafsiri wa kibanda umiza cha Kirumba kaniharibia siku

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule jamaa wa maiki mnamjua, simtaji. Leo kaua muvi hadharani!

Waliweka Somewhere in Time, ya 1980. Christopher Reeve anapenda mwanamke aliyemwona kwenye picha ya zamani, anamfuata mpaka 1912. Hana mashine wala mganga. Kavaa suti ya kizamani, kalala kitandani, kajiaminisha kuwa huu ni 1912 mpaka ikawa kweli. Hayo ndiyo mapenzi! Na hoteli yao iko kisiwani Mackinac, ndani ya Ziwa Huron, yale maji ukiyaona unasema Ukerewe hii hapa.

Sasa wako wawili chumbani, raha tupu, jamaa anajisifia mifuko ya suti yake. Anatoa sarafu. Ya 1979! Kwisha kazi, maana pesa hiyo haiwezi kuwa mfukoni mwa mtu aliyeko 1912. Anavutwa gizani, bibie anamwita kwa kelele. Kibanda kimya, hata muuza karanga kaganda na kikombe mkononi. Na yule bwana anatafsiri nini?

"Kaona hela ya hoteli haitoshi, kazimia!"

HELA HAITOSHI! Watu wakacheka mpaka Ukerewe wakasikia. Mimi machozi yananitoka, jirani ananipiga mgongo kwa kicheko. Nimetoa jero yangu nione mapenzi, napewa deni la hoteli!

Mwana wa Ziwa: Kwani hakuzimia?

Mleta mada: HAKUZIMIA! Kavutwa na wakati! Sarafu ya 1979!

Mama Dagaa: Pole mwanangu. Ila umelia kibandani kweli? Mkeo anajua?

Kijana wa Igoma: Afadhali yako, umeiona hiyo sarafu. Wa huku kwetu wakitaka kubusiana tu anapeleka mbele. Muvi ya saa mbili tunatoka dakika arobaini.

Sangara Mkavu: Nyie mna raha. Huku umeme ukikatika, jenereta haina mafuta na jero hairudi.

Mwana wa Ziwa: Siku ya mechi jero inageuka buku, na benchi lenyewe lina msumari. Suruali yangu ya pili hii.

Mleta mada: Jamani, bibie alikuwa anamwita kwa jina lake...

Kijana wa Igoma: Msumari upo benchi la nyuma au la mbele?

Sangara Mkavu: La mbele. Mechi leo saa ngapi?