Naomba ushauri: duka la vyakula Siyu linamezwa na daftari la madeni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nina duka dogo Siyu, kisiwani Pate, Lamu. Unga, mchele na mafuta naagiza Mokowe, upande wa bara, vinakuja kwa boti, na maji yakipwa sana mkondo wa Mkanda, njia ya boti, haupitiki. Juzi gunia la sukari limefika limelowa upande mmoja, na nauli nimelipa yote.

Upepo wa kusi ukivuma wavuvi hawatoki, wananunua kwa daftari. Nimebandika "leo taslimu, kesho mkopo", wakacheka tu. Nami mtoto akitumwa nusu kilo ya unga, namrudishaje mikono mitupu? Nimejaribu kununua mzigo na jirani, tukakosana kwa hesabu.

Kila nyumba niiwekee kikomo gani cha deni bila kuvunja ujirani? Na mlionunua kwa pamoja, pesa alishika nani?