Naomba ushauri: tezi ya shingoni, majibu hayaeleweki

Habari za jioni wakuu. Niko Tanga namuuguza mama mdogo, miaka 52. Tezi ya shingoni imevimba miezi saba sasa, haimuumi. Akaanzishiwa dawa za TB (huku kila tezi ni TB!), wala haikunywea. Sindano ikavuta seli ndefundefu zilizochanganyika na limfosaiti (chembe nyeupe za kinga), jibu likaja "haieleweki". Wakakata kinyama. Sasa daktari anahisi sarkoma ya seli za dendritiki za folikoli, saratani adimu ya seli za kinga ndani ya tezi, anataka kipimo cha CD21, CD23 na CD35 (protini zinazotambulisha seli hizo).

Wenye uzoefu: kile kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta kinatosha kupimwa Muhimbili, au mgonjwa atakatwa tena? Na nikienda kukichukua, niombe na vile vioo vya maabara vyenye seli zilizovutwa kwa sindano?