Mjadala: Mkimbizi wa miaka 20 Uingereza, na wa kwetu je?

Wakuu, hapa Dar nasikia watu wengi wakiusifia mpango mpya wa Uingereza kuhusu wakimbizi. Mimi naupinga, na ningependa tubishane kwa hoja.

Novemba 2025 Waziri wa Mambo ya Ndani wa huko, Shabana Mahmood, alitangaza kwamba atakayepewa hifadhi atapata kibali cha miezi 30 tu. Kikiisha anachunguzwa upya, na kwao kukionekana shwari anaweza kurudishwa. Ukaazi wa kudumu, uliokuwa ukiombwa baada ya miaka 5, sasa aungoje miaka 20. Juu ya hapo, serikali inataka kubana jinsi mahakama zinavyotumia Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, kinacholinda maisha ya familia.

Wanaouunga mkono wananiambia kila nchi ina haki ya kuchagua nani aingie. Sawa, wala sina ugomvi na hilo. Lakini huyu tunayemzungumzia ameshaingia, ameshasikilizwa, na serikali yenyewe imekubali kwamba akirudi kwao atateswa au atauawa. Mtoto wake akifika pale ana miaka 4, familia itapitia vibali vinane, na kijana atakuwa na miaka 24 ndipo mzazi aombe ukaazi. Mwajiri gani atahangaika kumfundisha kazi mtu ambaye kibali kimebakiza miezi michache? Mwenye nyumba gani atamwamini? Halafu watu haohao watalaumiwa kwamba hawataki kuchangamana na wenyeji. Huo ni uonevu.

Eti ndiyo dawa ya boti zinazovusha wahamiaji baharini kwenda Uingereza. Dawa ya namna hiyo ilishajaribiwa: mkataba wa Aprili 2022 wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, ambao Mahakama ya Juu iliukataa Novemba 2023. Serikali ya Keir Starmer iliufuta 2024 ikisema umekula pauni milioni 700, na waliokwenda ni wanne, tena kwa hiari yao. Boti hazikukoma.

Sasa tuje kwetu, maana nyani haoni kundule. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 tuliwapa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakalima, wakajitegemea. Mwalimu Nyerere alitunukiwa Tuzo ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowasaidia wakimbizi, mwaka 1983 kwa moyo huo, na ilistahili. Hata hivyo, zaidi ya 160,000 kati yao walikuja kupewa uraia miongo minne baadaye. Wapo waliozaliwa hapahapa, wakaoa na kuzaa hapahapa, bado wanaitwa wakimbizi. Na leo, kwa sheria ya 1998, mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, hatoki nje ya kambi bila kibali, hata kwenda kutafuta kibarua. Kwa hiyo anayeilaumu London ailaumu na Dodoma. Mimi nazilaumu zote mbili, na sioni kwa nini kufanya hivyo kuitwe kukosa uzalendo.

Mnaotetea utaratibu huu, nijibuni hili. Mtu aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1997, hajawahi kukanyaga Congo, Kiswahili ndicho anachowalea nacho watoto wake: mnataka afanye nini zaidi ndipo aruhusiwe kupanda basi aende Kigoma mjini kutafuta kazi?