Kikundi cha "Krismasi Nyumbani" (wanachama 34; kwao "senge" ni shangazi, "khotsa" ni mjomba, "kukhu" ni nyanya)

JUMAPILI

Senge Mage amebadilisha jina la kikundi kutoka "Krismasi Nyumbani" kuwa "RUFAA YA ELIYA HARAKA"

Senge Mage 19:42
Mulembe watu wa nyumbani. Najua mmesikia. Eliya amepigwa miaka saba. SABA. Kwa ng'ombe mmoja.

Senge Mage 19:44
Alihukumiwa Ijumaa. Siku za kukata rufaa ni 14, mbili zimeshaenda. Kuna wakili nimeongea naye hapa Nakuru anataka 60,000, nusu kwanza ndio afungue faili. Tuko 34 humu, gawanyeni wenyewe. Tuma kwa namba yangu ile ile.

Senge Mage 19:58
Naona tiki za buluu

Senge Mage 20:03
Watu 21 wamesoma. Hata pole hakuna.

Dan Kisumu 20:06
Pole

Mama Tito 20:07
Pole sana Senge. Tunaomba Mungu.

Baba Tito 20:15
60,000 si ukiongeza kidogo unapata ng'ombe mwenyewe 😂

Senge Mage 20:15
Baba Tito usinianze leo

Dan Kisumu 20:17
Na awe wa gredi

Senge Mage 20:18
Kijana wa miaka 22 yuko ndani nyinyi mnacheka. Kevo uko wapi, wewe unasomea sheria. Waambie kama saba ni haki.

Kevo Chuo 20:31
Senge niko mwaka wa pili tu. Lakini iko hivi. Wizi wa kawaida ni kifungu 275, mwisho miaka 3. Wizi wa mifugo ni 278, mwisho 14. Hakimu amempa nusu ya mwisho.

Baba Tito 20:32
Ngoja. Nikiiba simu ya laki moja?

Kevo Chuo 20:32
Tatu, ikizidi

Baba Tito 20:33
Na mbuzi wa elfu sita?

Kevo Chuo 20:33
Inaweza kufika 14

Baba Tito 20:34
Wezi wa ukoo huu hawakushauriwa vizuri

Dan Kisumu 20:34
Simu haina maziwa bana

Kevo Chuo 20:36
Kanuni yenyewe ya adhabu ni ya 1930, enzi za masetla. Mtu na mifugo yake.

Zippy 20:49
Na yule wa Salgaa alipewa ngapi?

Senge Mage 20:52
Zippy

Zippy 20:55
Nauliza tu. Tunahesabu miaka, si ndio? Baba alikufa chini ya lori. Dereva akalipa faini elfu hamsini hapo hapo, akatoka nje ya korti akanunua soda ya machungwa. Nilisimama nikamwangalia akiimaliza, mpaka akarudisha chupa. Kevo, sheria ya huyo inasemaje?

Kevo Chuo 21:10
Kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari ni hadi miaka 10. Lakini hakimu anaweza kutoza faini badala yake.

Zippy 21:11
Na angekosa hiyo hamsini?

Kevo Chuo 21:14
Faini ya mpaka 50,000, ukishindwa kulipa, mwisho ni miezi sita

Zippy 21:14
Miezi sita.

Zippy 21:15
Sawa

Baba Tito 21:22
Na maadamu Salgaa imetajwa, itajwe na hema ya mazishi.

Senge Mage 21:23
RISITI ZA HEMA NILILETA

Baba Tito 21:24
Ulileta ya viti

Senge Mage 21:26
Mimi ndiye nililala mochari siku mbili. Wewe ulikuja na suti. Na bondi ya Eliya nani alikataa kutoa hati ya shamba? Angekuwa nje miezi hii yote badala ya rimandi. Tafadhali.

Baba Tito 21:27
Ujumbe huu umefutwa

Mama Tito 21:30
Jamani watoto wako humu

JUMATATU

Khotsa Afande 05:08
Mulembe. Mimi hulala mapema, nimesoma yote sasa. Nisikilizeni, nimefanya kazi ya askari jela miaka 29, Kodiaga ya Kisumu na Naivasha.

Khotsa Afande 05:12
Moja. Rufaa haitaki 60,000. Mfungwa anaandika ombi lake pale pale ndani, analipeana kwa mkuu wa jela, linapelekwa kortini. Kila jela kuna wafungwa wanaandikia wenzao, na wengine wanashinda mawakili. Eliya aulizie tu.

Khotsa Afande 05:15
Mbili. Saba si saba. Akikaa vizuri anapunguziwa theluthi moja. Hiyo ni miaka minne na miezi minane. Alikaa rimandi miezi tisa, na sheria inasema korti izingatie. Mage, hakimu alisema kifungo kianze kuhesabiwa siku gani?

Khotsa Afande 05:19
Tatu, na hii ndiyo hamtaki kusikia. Mahakama Kuu inaweza kupunguza, inaweza pia kuongeza. Nimemwona mtu akienda juu na tano akarudi na saba. Akilia nikamwambia si wewe uliomba uhesabiwe upya.

Senge Mage 06:40
Sikusikia hakimu alisemaje. Nilikuwa nalia.

Senge Mage 06:41
Na wakili ni lazima. Hatuwezi kumwachia mfungwa mwenzake.

Baba Tito 06:55
Wakili ni shemeji wa nani kwanza

Kevo Chuo 08:20
Khotsa ni kweli, kuzingatia muda wa rimandi ni kifungu 333. Hiyo peke yake inatosha kuomba. Pia ikishuka hadi mitatu, korti inaweza kumpa kazi ya huduma kwa jamii, kuna sheria yake ya 1998. Anafyeka kwa chifu, analala nyumbani.

Dan Kisumu 08:31
Afyeke kwa chifu akiona ng'ombe wa chifu 😭

Khotsa Afande 08:50
Mnacheka, lakini shukuruni hakubeba panga. Wangekuwa wawili na panga wamtishe mwenye boma, huo si wizi tena. Ni wizi wa mabavu, na karatasini adhabu yake ni kifo. Hakuna aliyenyongwa Kenya tangu 1987, lakini hukumu husomwa. Desemba 2017 nilikuwa zamu Naivasha Mahakama ya Juu ilipoamua ile kesi ya Muruatetu, kwamba hakimu asilazimishwe kutoa kifo. Jela nzima ilipiga vyombo. Hata wale wa mabavu waliimba. 2021 korti ikafafanua: tulimaanisha mauaji peke yake. Kuna mzee mmoja aliyefungwa kwa redio na panga, alikuwa ameshagawa blanketi lake. Akaenda kuliomba tena.

Kevo Chuo 08:58
😔

Senge Mage 09:02
Khotsa asante kwa historia. Turudi kwa mchango. Mpaka sasa nimepokea 0.

Senge Mage 13:30
Bado 0

Senge Mage 18:15
Baba Tito amechangia meme tatu. Pesa sijaona.

Mama Tito 18:40
Senge ukweli usemwe. Aliyenunua ile nyama akawa shahidi. Akasimama pale na shati safi akisema yeye alidhani ng'ombe ni wa Eliya. Saa saba usiku! Nani huuza ng'ombe wake saa saba usiku? Yeye yuko kwa bucha yake mpaka leo. Hiyo ndiyo inaniuma, hata si hiyo saba.

Dan Kisumu 18:44
Hapo umesema

Zippy 18:45
Hapo kweli

Baba Tito 18:47
Mimi nilishaacha kununua kwake

Mama Tito 18:47
Baba Tito, na ile matumbo ya Jumamosi?

JUMANNE

Sheila wa Senge Roda 20:02
Habari zenu. Ni Sheila. Mama hajui kutumia hii simu vizuri lakini jana usiku nimemsomea kila kitu. Hata za kuchekesha.

Sheila wa Senge Roda 20:03
Nilikuwa sitaki kuandika.

Sheila wa Senge Roda 20:09
Kamba haikufunguliwa, ilikatwa. Bado imefungwa pale kwa mti, kipande kama mkono hivi. Kichwa na ngozi tulipata kwa miwa, na ile hereni ya sikio iko bado, namba inasomeka. Alikuwa anatoa lita kumi na moja. Ndio ilikuwa karo yangu. Niko nyumbani tangu muhula wa pili, kama kuna mtu alikuwa anajiuliza.

Sheila wa Senge Roda 20:11
Ndama alikuwa wa wiki tano. Tulinunua maziwa dukani ya kumnywesha miezi miwili. Maziwa ya pakiti, kwa ndama. Mama alikuwa anaenda kununua jioni ndio watu wasimwone.

Sheila wa Senge Roda 20:14
Eliya alikula kwetu Jumapili kabla ya hiyo wiki. Alijua mbwa.

Senge Mage 20:40
Sheila mwanangu pole. Hakuna mtu anasema ng'ombe si kitu. Tunasema tu saba.

Sheila wa Senge Roda 20:41
Mimi sijasema saba ni sawa. Hakimu hakutuuliza tunataka ngapi. Mama aliulizwa tu rangi ya ng'ombe.

Zippy 20:58
Sheila ❤️

JUMATANO

Mama Tito 07:25
Nimeitwa na Kukhu asubuhi. Mtu amemwambia mambo ya kikundi. Amesema niandike vile anasema, nisipunguze wala nisiongeze, halafu nimsomee kabla nitume. Nimemsomea mara mbili.

Mama Tito 07:27
"Mage, wewe ni mtoto wangu. Roda pia, nilimpokea mimi hapa akiwa msichana, na mume wake nikamzika mimi. Siku ya hukumu mlienda kortini na gari mbili. Wote mkakaa upande wa Eliya. Roda alikaa na Sheila na askari. Nimeambiwa hata maji hamkumpa. Mimi sitasema saba ni nyingi, na sitasema ni kidogo. Mtoto ni wangu na ng'ombe ni wa boma langu, nitasema nini? Lakini nani kati yenu amekanyaga kwa Roda tangu Februari? Hiyo karatasi ya kuomba apunguziwe haitatoka kwa jina la mzee wenu kabla hamjaingia kwa Roda mkaketi chini mkanywa chai yake. Kama atawapa."

Mama Tito 07:28
Mwisho amesema nisiweke emoji

Khotsa Afande 09:55
Mama amesema.

Baba Tito 10:10
Tumesikia Kukhu

Dan Kisumu 10:12
Tumesikia

Senge Mage 11:36
Mama nimesikia.

Senge Mage 11:58
Basi Jumamosi saa nne asubuhi tukutane kwa Senge Roda. Mimi natoka Nakuru na matatu ya kwanza. Dan uje na gari, Baba Tito sukari na mkate, Zippy unga. Kevo aandike hilo ombi la rimandi, Khotsa alipeleke jela Jumatatu. Na mchango uendelee, wakili tutaona.

Dan Kisumu 12:20
Gari iko gereji Senge. Gia.

Zippy 12:41
Nitakuja kwa Senge Roda. Kwa rufaa sijaamua. Msiniharakishe.

Kevo Chuo 12:50
Naandika leo usiku. Nitahitaji tarehe ya kukamatwa na namba ya kesi.

Senge Mage 12:52
Namba iko kwa kile kikaratasi. Kikaratasi kiko kwa mkoba mwingine.

Sheila wa Senge Roda 16:30
Mama anasema Jumamosi yuko na kina mama wa kanisa. Labda Jumapili jioni. Hajasema ndio, amesema labda.

Senge Mage 16:33
Jumapili jioni lazima niwe Nakuru, Jumatatu naingia kazi saa kumi na mbili

Baba Tito 16:40
Tuende bila wewe basi

Senge Mage 16:40
HAIWEZEKANI

Dan Kisumu 17:05
Nimetuma 500

Senge Mage 17:07
Imeingia. Asante Dan, wa kwanza. Naiandika wakili.

Dan Kisumu 17:09
Hapana, ni ya yule ndama

Sheila wa Senge Roda 17:15
Sasa ni mtamba

Senge Mage 17:20
Pesa za ndama zisipitie kwangu tafadhali. Nisije nikaulizwa tena kama hema.

Baba Tito 17:21
😂😂

Senge Mage amebadilisha jina la kikundi kutoka "RUFAA YA ELIYA HARAKA" kuwa "Eliya na Roda"

Sheila wa Senge Roda 17:30
Ni Senge Roda

Senge Mage amebadilisha jina la kikundi kutoka "Eliya na Roda" kuwa "Krismasi Nyumbani"

ALHAMISI

Binamu Doha 01:47
Aki ndio natoka kazini. Nani amepigwa saba?

Baba Tito 04:50
Soma juu

Khotsa Afande 05:06
Zimebaki nane.