Grupu la Bustani, Mwanza: Nani Kala Chainizi za Mama Kulwa?

JUMAMOSI, 06:48

Mama Kulwa (Mabatini): Mwangaluka wana grupu. Nani mbuzi wake alilala nje jana? Aseme mapema kabla hasira hazijapanda.

Mama Kulwa: [picha]

Mama Kulwa: Tuta zima la chainizi. Vimebaki vijiti.

Pendo (adimini): Mwangaluka mayu. Lile la chini ya jiwe???

Mama Kulwa: Hilo hilo. Nilikuwa nalitunza nianze kuchuma Jumatatu nimpelekee mwanangu Doto, mzazi.

Juma Bwiru: Shikamoo mama. Mimi mbuzi sina, msinitazame.

Mama Kulwa: Marahaba. Una mbwa.

Juma Bwiru: Simba atoke Bwiru mpaka Mabatini kula mboga? Nauli kampa nani? Huyo hata ugali usipokuwa na dagaa anaunusa tu anaondoka.

Mama Kulwa: Kuna watu hapa hapa mtaani wana sungura. Sisemi mtu.

Neema: Shikamoo mama. Sungura wangu wako bandani na kufuli liko mlangoni, njoo uangalie.

Mama Kulwa: Marahaba mwanangu. Nimesema sisemi mtu.

Neema: Ujumbe huu umefutwa

Juma Bwiru: Umechelewa, nimeshausoma 😂😂

Pendo (adimini): Juma tulia.

Mzee Masanja (Igoma): Habari za asubuhi. Mama Kulwa, piga picha kwa karibu. Mashina yaliyobaki, udongo pembeni ya tuta, na kinyesi kama kipo.

Mama Kulwa: Shikamoo mzee. Kinyesi tena?

Mzee Masanja: Marahaba. Ndiyo, kinyesi.

Pendo (adimini): Bwana shamba hastaafu jamani.

07:15

Mama Kulwa: [picha] [picha] [picha]

Mama Kulwa: Haya. Kwato hakuna hata moja, na jana jioni nilimwagilia, udongo ni tope, mbuzi angeacha alama. Mashina yamekatwa juu, mizizi ipo. Sasa hapo kwenye ubavu wa jiwe, kwenye ule ufa, kuna lundo la vinyesi vidogo vya mviringo, vingine vikavu vingine vya jana. Na jiwe lenyewe lina michirizi myeupe kuanzia kwenye ufa mpaka chini, kama mtu kamwaga chokaa.

Mzee Masanja: Pimbi.

Juma Bwiru: Pimbi!! Kesi imefungwa.

Mwalimu Tereza (Nyegezi): Shikamooni wakubwa. Mzee kasema kweli. Pimbi wana choo chao, ukoo mzima unakwenda hapo hapo mwaka hadi mwaka. Mkojo wao una chokaa, ukikauka juu ya jiwe ndiyo unaacha weupe huo. Mama hao hawajaja jana, wewe umejenga umewakuta.

Mama Kulwa: Chumba kimoja na sebule nimejenga mwaka 2009, sijawahi kuona pimbi karibu hivi.

Mwalimu Tereza: Hukuwa na chainizi.

Mzee Masanja: Na kule juu walishajenga watu. Majani waliyokuwa wanakula yamekuwa nyumba.

Neema: Kwa hiyo si sungura.

Mama Kulwa: Sungura wako sikuwataja kwa jina.

Neema: 🙂

Mwalimu Tereza: Halafu mnajua pimbi ndugu yake wa karibu ni tembo? Wanafunzi wangu huwa hawaamini kabisa. Angalia meno ya juu, yale mawili ya mbele, hayaachi kukua, ni kama pembe ndogo. Na nyayo zake zina unyevunyevu ndiyo maana anapanda jiwe tupu bila kuteleza.

Juma Bwiru: Mama Kulwa umeliwa na tembo mayu, pole 😂

Mama Kulwa: Wabeja kwa pole. Watu wanalipa kiingilio kwenda Saanane kuwatazama, mimi nawalisha bure.

Pendo (adimini): 😂😂😂 Tangu 2013 pale ni hifadhi ya taifa, na wewe omba hadhi.

Mama Kulwa: Kulwa anasema ataweka mtego wa waya.

Mwalimu Tereza: Mwambie asithubutu. Mnyamapori huyo, kumtega bila kibali ni kosa. Tena waya unanasa paka wa watu na watoto.

Neema: Paka wangu anapita hapo kila siku!!! Kulwa tafadhali.

Mama Kulwa: Nimemwambia. Kanuna. Sasa mzee nifanyeje?

Mzee Masanja: Sauti [1:52]

Juma Bwiru: Mzee niko kwenye daladala, andika.

Pendo (adimini): Naandika mimi. Mzee anasema pimbi haendi mbali na jiwe lake, anaogopa mwewe na tai. Asubuhi anatoka kuota jua kwanza, damu ikichemka ndiyo anashuka kula, mmoja anabaki juu analinda, akipiga kelele wote wanakimbilia ufani. Kwa hiyo mboga laini zihamie upande wa jikoni, kwenye uwazi, mbali na jiwe. Tuta la chini ya jiwe lizungushiwe wavu. Anasema hatakudanganya kwamba ipo mboga ambayo pimbi haigusi, akiwa na njaa anakula hata mnafu.

Mama Kulwa: Wavu wa bei gani mzee, mimi pensheni naijua mwenyewe.

Juma Bwiru: Nyavu za dagaa chakavu zimejaa mwaloni, wenye mitumbwi wanatupa. Nitakuletea jioni, bure. Ila uzivute zikaze sana na uzifukie chini, zikilegea zinanasa kuku na mijusi.

Mama Kulwa: Mungu akubariki baba. Simba naye nitamwekea kichwa cha sangara.

Juma Bwiru: Sasa umeongea.

10:30

Neema: Mzee Masanja naomba na mimi nisaidiwe kama kesi ya chainizi imekwisha. Nyanya zangu za kwenye viroba. [picha]

Neema: Juzi zilikuwa zimesimama vizuri, zina maua. Jana mchana mmoja ukalegea, nikajua kiu, nikamwagilia. Jioni ukainuka kidogo. Leo umelala moja kwa moja na wa pili unaufuata. Majani bado kijani kabisa, hayana doa wala hayajakuwa ya njano.

Pendo (adimini): Si kanitangaze hiyo?

Mzee Masanja: Hapana. Kanitangaze anachimba njia ndani ya jani, ungeona mabaka makavu. Neema, udongo wa viroba ulitoa wapi?

Neema: Kwenye kiwanja cha nyuma, pale palipokuwa na nyanya chungu za mama mwenye nyumba.

Mzee Masanja: Zile nyanya chungu ziliishaje?

Neema: Zilikauka zote.

Mzee Masanja: Eeh. Chukua glasi inayoonyesha, weka maji safi. Kata shina la ule uliolala, karibu na udongo, kipande cha urefu wa kidole. Kining'inize kwenye maji, ncha iliyokatwa iguse maji tu, usikitumbukize chote. Usitikise. Kaa uangalie.

Neema: Sawa mzee.

Juma Bwiru: Hii grupu imekuwa maabara.

10:52

Neema: JAMANI

Neema: [video]

Neema: Mwanzoni hamna kitu. Nikasema mzee leo kakosea. Kisha ukaanza kutoka uzi mweupe mwembamba, unashuka taratibu mpaka chini ya glasi, kama moshi lakini unaelekea chini. Sasa hivi maji yamekuwa na ukungu kama ya kuoshea mchele. Mwanangu kakaa hapa ameacha hata katuni.

Mzee Masanja: Huo ni mnyauko bakteria. Uzi huo ni bakteria wenyewe, wanaziba mishipa ya maji ndani ya shina. Ndiyo maana ukimwagilia haunywi.

Neema: Dawa gani nipige?

Mzee Masanja: Hakuna dawa ya kupiga. Anayekuuzia anakuibia. Ng'oa iliyougua na mizizi yake, choma. Udongo wa viroba hivyo usiumwage bustanini wala juu ya mteremko, mvua itawashushia wenzako. Kisu kioshe kwa jiki.

Neema: Na viroba ambavyo havijaugua?

Mzee Masanja: Viweke mbali, usivimwagilie kwa kopo lile lile. Na pale kwa mama mwenye nyumba msipande nyanya, nyanya chungu, bilinganya, hoho, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa. Wote hao ukoo mmoja. Pandeni mahindi au matembele.

Mama Kulwa: Njoo uchukue marando ya matembele kwangu. Ni ya viazi lishe, yale mzee alituletea kutoka kituo cha utafiti Ukiriguru, pimbi hawajayafikia.

Neema: Asante mama ❤️ nitakuja na sungura wawasalimie.

Mama Kulwa: Mchokozi wewe.

13:20

Pendo (adimini): Tuache wadudu kidogo. Mama Kulwa, Doto anatoka lini hospitali ya Bugando?

Mama Kulwa: Daktari kasema Jumatatu Mungu akipenda. Mtoto wa kike, ana kilo tatu na nusu, kazi yake kulia. Kafanana na baba yake wa Geita, mimi nimenyamaza.

Mwalimu Tereza: 😂 Hongera bibi! Jina?

Mama Kulwa: Wanavutana. Upande wa baba wanataka la bibi yao, Doto anataka lake la kwenye simu.

Juma Bwiru: Aitwe Chainizi.

Mama Kulwa: Juma wavu ulete, mdomo uache huko huko.

Pendo (adimini): Napendekeza tusichange hela safari hii. Kila mtu alete cha bustanini kwake. Mzazi ale vizuri.

Mwalimu Tereza: Mimi mgagani, umejaa. Nitauchemsha kabisa nimwage maji yale machungu, nikaange na karanga.

Neema: Mimi papai mbili, na mchaichai wa uji.

Juma Bwiru: Sato wawili wa supu. Mimi bustani yangu ni ziwa.

Mzee Masanja: Mama wa nyumbani atatoa michembe debe moja, viazi vikavu vya kumpikia na karanga.

Mama Kulwa: Jamani. Wabeja sana. Shemeji zake wanakuja kutoka Geita Jumapili ya wiki ijayo, siku hizi wanapita darajani Busisi, zamani ukiwaambia saa nne wanafika saa tisa kwa foleni ya kivuko. Sasa hakuna cha kusingizia, wanakuja na njaa yote.

Mwalimu Tereza: Na kuku?

Mama Kulwa: Jogoo yupo. Kama kenge wako hatamla kwanza.

Mwalimu Tereza: Usinikumbushe. Jana tena, mayai manne. Namwona kabisa anatoka kwenye matete, mrefu kuliko fagio, anatembea kama mwenye nyumba. Nimeinua viota juu ya ukuta, lakini kuku wenyewe hawataki kupanda.

Juma Bwiru: Weka ubao wa kupandia wenye vijiti, wanajifunza.

Mwalimu Tereza: Lakini kenge si tatizo kubwa. Jirani yangu wa bondeni kazika kuku karibu wote wiki hii. Wanazubaa, kinyesi cha kijani, wengine shingo imepinda inatazama nyuma.

Mzee Masanja: Kideri.

Pendo (adimini): Mungu wangu.

Mzee Masanja: Wako wameanza?

Mwalimu Tereza: Hapana mzee, wanakula vizuri.

Mzee Masanja: Basi wachanje kesho, usingoje. Anayeugua chanjo haimponyi, na kinga haiji siku hiyo hiyo. Na mtu asinunue kuku wa bei poa mnadani wiki hii. Bei poa ina sababu.

Pendo (adimini): Tununue kwa pamoja. Kichupa kimoja kinatosha kuku wetu wote na chenji, kununua kila mtu chake ni hasara.

Mzee Masanja: Nitachukua chanjo ya I-2 duka la mifugo asubuhi, naibeba kwenye kikapu chenye kitambaa kibichi, isipigwe jua. Tone moja jichoni, subiri apepese jicho ndipo umwachie. Vifaranga nao. Kisha kila baada ya miezi mitatu, Pendo weka kwenye simu ikukumbushe.

Neema: Mzee nikikosea tone likaanguka?

Mzee Masanja: Unadondosha lingine. Kuku ndiye wa kushikwa vizuri, siyo chupa.

Mama Kulwa: Nitaleta jogoo wangu mwenyewe Nyegezi?

Mzee Masanja: USIPELEKE kuku yeyote Nyegezi. Mimi nitazunguka. Naanzia Igoma kwangu, kisha Mabatini kwenu, Buhongwa, Bwiru. Nyegezi mwisho, na viatu nitaosha kabla sijarudi nyumbani.

Pendo (adimini): Mmesikia. Kuku wote wafungiwe usiku wa leo, mzee asije akakimbizana nao na goti lake. Kila mmoja anitumie idadi hapa hapa ndani ya saa moja.

Mama Kulwa: Kumi na wawili na jogoo.

Neema: Watano.

Mwalimu Tereza: Ishirini na moja pamoja na vifaranga.

Juma Bwiru: Mmoja.

Pendo (adimini): Juma kuku mmoja? Tangu lini unafuga?

Juma Bwiru: Si Simba?

Mzee Masanja: Mbwa hachanjwi kideri, Juma. Yake ni ya kichaa, nayo ni kila mwaka. Ya mwisho lini?

Juma Bwiru: Ujumbe huu umefutwa

Mama Kulwa: Tumeshausoma 😂