Kikundi cha Nyumba ya Bibi, Ngamiani: Mazungumzo kuhusu Kompyuta ya Sebuleni

IJUMAA

Shangazi, saa 1:40 usiku
Assalaam aleikum nyote. Nina jambo limenikaa moyoni tangu jana, nami naona heri niliseme hapa kuliko kulinong'ona jikoni. Majibu yangu ya vipimo vya hospitali, niliyoyaweka kwenye kompyuta ya sebuleni ndani ya folda niliyoificha, yamesomwa. Simlaumu mtu, kwa sababu aliyeyaona alikuja mwenyewe kuniomba radhi. Lakini habari hizo nilikuwa sijamwambia hata wifi yangu, na sikutaka zijulikane kabla sijazizoea mimi mwenyewe.

Mdogo Wangu, saa 1:46 usiku
Shikamooni wakubwa. Ni mimi niliyeyaona. Nilifungua Word ili niendelee na insha yangu ya Historia, na katika orodha ya faili zilizotumika karibuni nikakuta faili yenye jina la tarehe tu. Nikadhani ni yangu. Nilisoma mistari miwili nikaifunga. Shangazi, naomba radhi tena mbele ya wote.

Mama, saa 1:52 usiku
Wifi yangu, pole sana. Mimi nami nimeshtuka, kwa kuwa daftari la kikoba chetu liko kwenye kompyuta hiyohiyo, na humo mna majina ya wanachama 30, kila mmoja na deni lake. Kama majibu yaliyofichwa yameonekana, hayo yangu ambayo sikuyaficha yako wapi?

Mimi, saa 2:15 usiku
Shikamoo Shangazi, shikamoo Mama. Nimesikitika sana kusoma haya nikiwa mbali huku Dodoma, hasa kwa kuwa kompyuta ile niliileta mimi na sikuwaelekeza ipasavyo. Kuificha folda hakuifungi. Windows huiondoa tu machoni, na mtu yeyote akiweka alama mahali pa kuonyesha vilivyofichwa, itatokea. Zaidi ya hapo, Word hukumbuka kila faili iliyofunguliwa na kuitaja katika orodha yake, bila kujali kwamba folda yake imefichwa. Ndiyo maana mdogo wangu aliikuta faili hiyo bila kuitafuta.

Kosa la msingi ni kwamba sote tunaingia kwa akaunti moja, ile niliyoifungua siku ya kwanza, na tena ni akaunti ya msimamizi, yenye mamlaka ya kugusa kila kitu. Kila mmoja anatakiwa awe na akaunti yake na nywila yake, na iwe akaunti ya kawaida. Faili zilizomo ndani ya akaunti ya Shangazi, kama vile kwenye folda yake ya Nyaraka au Picha, hazitafunguka kwa mtu aliyeingia kwa akaunti nyingine ya kawaida.

Baba Mdogo, saa 2:31 usiku
Nimesoma yote, na dada yangu nakupa pole. Lakini niseme wazi kwamba habari ya kufungiana hainipendezi. Nyumba ile marehemu baba aliijenga bila kufuli katika mlango wa ndani hata mmoja, nasi tumekula sinia moja hadi leo. Leo kila mtu na nywila yake, kesho mtoto atamficha mzazi mambo ambayo mzazi angepaswa kuyajua. Je, huko si kutoaminiana?

Mimi, saa 2:40 usiku
Shikamoo Baba Mdogo. Hofu yako naielewa, hasa kuhusu watoto, na kwa wale walio chini ya miaka 18 nakubali kwamba mzazi aendelee kusimamia akaunti zao kwa uwazi, nao wakijua. Lakini Shangazi si mtoto. Na deni la mwanachama wa kikoba si siri ya Mama hata aamue yeye nani aione. Ni amana ya mwenyewe. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti.

Bibi (kwa sauti, imeandikwa na Mama), saa 2:58 usiku
Wanangu, mimi kompyuta siijui, ila nyumba naijua. Baba yenu alikuwa haingii chumbani kwangu bila kupiga hodi, na nyumba alijenga yeye. Kasha langu lina kufuli tangu nilipoolewa, na ufunguo ninaufunga kwenye pindo la kanga. Hakuna siku aliyoniuliza nimefungia nini, wala sikumdhania kuwa mwizi. Mfungieni dada yenu vitu vyake.

Baba Mdogo, saa 3:04 usiku
Nimekusikia, mama. Nimeondoa pingamizi langu. Basi tuelekezwe, lakini kwa lugha tutakayoielewa.

JUMAMOSI

Mimi, saa 3:20 asubuhi
Nimeamka na jambo hili. Mdogo wangu atakuwa mikono yangu huko Tanga, nami nitamwelekeza kwa simu.

Afungue akaunti nne za kawaida: ya Shangazi, ya Mama, ya Baba Mdogo na yake. Kila mwenye akaunti aandike nywila yake mwenyewe wakati wengine wamegeuka. Akaunti ya msimamizi ibaki kwa ajili ya kuweka programu tu, na nywila yake iandikwe kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha iliyofungwa, akabidhiwe Bibi aiweke kashani. Nalisisitiza hili kwa sababu msimamizi akitaka kuingia katika folda ya mtu mwingine, Windows humuuliza swali moja tu na kumpitisha. Kwa hiyo hata mimi sitaki kubaki na nywila hiyo.

Mama, hilo daftari la kikoba lipo wapi hasa?

Mama, saa 3:34 asubuhi
Lipo katika sehemu ya diski inayoitwa D, kwa sababu uliniambia huko halipotei Windows ikiharibika.

Mimi, saa 3:41 asubuhi
Ni kweli nilikwambia hivyo, na kwa upande wa kupotea ushauri ule ulikuwa na maana. Lakini folda za D kwa kawaida huwa wazi kwa kila mwenye akaunti katika kompyuta hiyo, hata tukifungua akaunti kumi. Tafadhali ulihamishie katika Nyaraka za akaunti yako mpya, na nakala ya akiba uiweke kwenye flashi utakayokaa nayo mwenyewe. Na ile nywila uliyoweka katika Excel ya kuzuia watu wasibadilishe hesabu haizuii kusoma. Inazuia kubadilisha tu.

Shangazi, saa 4:05 asubuhi
Mwanangu, nina swali. Kompyuta ile ilipoharibika mwaka jana ilikaa kwa fundi siku tatu. Je, hiyo nywila ya akaunti ingemzuia fundi?

Mimi, saa 4:22 asubuhi
Hapana, Shangazi, isingemzuia, na nimefurahi umeuliza. Nywila ya akaunti hulinda pale tu Windows yenyewe inapokuwa mlinzi. Mtu akiitoa diski na kuichomeka katika kompyuta nyingine, au akiiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo mwingine, anasoma kila kilichomo. Kinachozuia hilo ni kusimba, yaani maandishi yenyewe kuvurugwa kiasi kwamba bila nywila hayasomeki popote yanapopelekwa. Windows ina BitLocker kwa kazi hiyo, lakini toleo letu la Home halina BitLocker kamili.

Kwa hiyo majibu yako tutayafunga kwa 7-Zip, programu ya bure ya kufungasha na kusimba faili. Unachagua faili, unachagua muundo wa 7z, unaandika nywila ndefu, na unaweka alama pale panaposema majina ya faili nayo yasimbwe, kwa maana usipofanya hivyo mtu ataona jina hata kama hawezi kufungua, na wakati mwingine jina lenyewe linatosha kusema kila kitu. Ukimaliza, uifute ile faili ya awali, na kwenye pipa la taka pia.

Jambo moja nakusihi. Nywila hiyo ukiisahau, si mimi wala fundi yeyote atakayeweza kukufungulia. Iandike mahali.

Mama, saa 4:30 asubuhi
Na barua pepe yangu? Kila nikiwasha naikuta imefunguka yenyewe.

Mimi, saa 4:37 asubuhi
Toka ndani yake leo, Mama, na uzifute nywila ambazo kivinjari kimezihifadhi katika akaunti ile ya zamani. WhatsApp nayo uikague kwenye simu yako, mahali panapoorodhesha vifaa vilivyounganishwa, uiondoe kompyuta. Na kila mtu akinyanyuka, hata kama anakwenda kuepua chungu tu, abonyeze kitufe cha Windows pamoja na L. Skrini itajifunga, na kazi yake ataikuta kama alivyoiacha.

Mdogo Wangu, saa 10:15 jioni
Nimemaliza. Akaunti nne zipo, daftari la kikoba limehama, na bahasha anayo Bibi. Katika folda ya vilivyopakuliwa nimekuta picha za vitambulisho vya NIDA vya watu watatu wa nyumba hii. Nimewaita wenyewe, wamezichukua na kuzifuta. Mwisho nimejaribu, kwa ruhusa ya Shangazi na yeye akiwa amekaa kando yangu, kufungua folda yake kutoka akaunti yangu, na imenikatalia mpaka niweke nywila ya msimamizi.

Shangazi, saa 10:40 jioni
Ahsante sana, wanangu. Nimeyafunga majibu yangu mwenyewe, na nywila nimeiandika kwenye karatasi ambayo Bibi ameifunga kwenye pindo, pamoja na ufunguo wake. Wifi, ukimaliza kupika uje chumbani kwangu, nina maneno nataka nikwambie. Jumatatu narudi hospitali kuchukua majibu mengine, nami ningependa tufuatane.

Mama, saa 10:43 jioni
Nakuja sasa hivi. Chungu ataangalia mwanangu.