Mvinyo mweupe wa Kifaransa una rangi ya njano na unanukia moshi: umeharibika au ndivyo ulivyo?

MamaGangilonga (Iringa)
Kamweneee wadau. Nina mgahawa mdogo hapa Gangilonga. Mteja wangu wa siku nyingi, mhandisi wa mashine za chai kule Mufindi, anastaafu, na ameniletea katoni ya mvinyo mweupe nimtunzie hadi jioni ya kuagana na wenzake. Lebo inasema Louis Latour, Grand Ardèche, Chardonnay. Chupa moja akaniambia nifungue nionje ili nijue cha kupika.

Nimeonja. Mimi nimezoea mweupe wa Dodoma, unaokaribia rangi ya maji na harufu yake ni matunda. Huu ni wa njano kama mafuta ya alizeti. Unanukia mkate uliobanikwa, vanila kidogo, na ukishaumeza inabaki ladha ya siagi. Mhudumu wangu amekata shauri kuwa umechacha, ati tumrudishie mwenyewe. Mimi sikubali, maana ulimini hauna uchachu wowote. Kijana mwingine akatafuta jina la Latour mtandaoni, akarudi na bei za mamilioni kwa chupa, sasa naogopa hata kuzifuta vumbi.

Naombeni wanaojua: ni mzima? Niuweke kwenye friza? Na nipike nini?

MwanaTukuyu
Ugonile mama. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukilala siku mbili unajitangaza wenyewe, huhitaji mtaalamu. Huo wa Wazungu sina neno, ila ukimshinda mhudumu wako niite nije na kikombe.

KauntaMwanjelwa (Mbeya)
Mama, huo ni mzima, tena umetengenezwa hivyo makusudi. Nimetunza stoo ya vinywaji hotelini miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani Mbeya, na malalamiko haya ya "mbona wa njano" nimeyasikia kwa wateja hadi nikachoka.

Kwanza nikutoe hofu ya bei. Kuna Château Latour ya Pauillac, mkoa wa Bordeaux, sifa yake ni mvinyo mwekundu, na tangu 1993 iko mikononi mwa tajiri François Pinault. Hiyo ndiyo ya mamilioni. Wako ni Louis Latour, ukoo mwingine kabisa, wa mkoa wa Burgundy, mji wa Beaune na kijiji cha Aloxe-Corton. Kampuni yao ilianza 1797 na bado ni ya familia. Hata jina la Louis wanarithishana kama sisi tunavyorithisha majina ya babu. Wana mvinyo ghali pia, Corton-Charlemagne, kutoka mlima ambao inasemekana mfalme Charlemagne alikuwa na shamba lake la mizabibu. (Hadithi ya wenyeji ni kwamba mkewe alichoka kuona ndevu zake zimetapakaa mvinyo mwekundu, ndipo ikapandwa mizabibu ya mweupe. Mimi naipenda, kuiamini ni shauri lako.)

Huo wa kwako hautoki Burgundy. Ardhi ya kule ni haba na bei yake haishikiki, kwa hiyo 1979 familia ilishuka kusini hadi Ardèche, ng'ambo ya magharibi ya mto Rhône, ikaingia mkataba na wakulima wa huko walime Chardonnay, ambayo ni aina ya zabibu nyeupe. Wanatoa aina mbili. Ile iitwayo Ardèche peke yake inachachushwa iwe mvinyo kwenye matangi ya chuma cha pua, na hiyo ungeiona inafanana na uliouzoea. Yenye neno Grand inachachukia ndani ya mapipa ya mwaloni, kisha inakaa humo miezi kama 8 hadi 10. Mambo yote unayoyanusa yanatoka hapo. Pipa hubanikwa kwa moto upande wa ndani wakati wa kulikunja, ndio huo mkate na vanila. Siagi inatoka kwingine: ndani ya pipa kuna bakteria wanaogeuza asidi kali, ile inayokukunja uso ukila epo bichi la Njombe, iwe asidi laini ya maziwa. Nayo hewa kidogo sana inayopenya kwenye mbao ndiyo inayosaidia kuleta hiyo njano.

Umechacha ungeujua: harufu ya siki puani, au ya gundi ya kubandikia viatu.

Usiuweke friza! Ukiganda baridi unakuwa bubu, hutasikia chochote. Friji ya kawaida, kisha utoe nusu saa kabla ya kumimina. Kwa baridi hii ya Julai hapo Iringa hata kabati la jikoni usiku linatosha.

SeremalaMafinga
Samahani mama kuingilia. Mkuu Kaunta, mimi ni fundi mbao, na hapa Sao Hill misonobari haina idadi. Kwa nini wang'ang'anie mwaloni? Pipa la msonobari si lingeshika tu?

KauntaMwanjelwa
Lingeshika, fundi, lakini ungekunywa utomvu. Wagiriki wanatia utomvu wa msonobari kwenye mvinyo wao uitwao retsina kwa kupenda, ila ni ladha ya kuzaliwa nayo. Mwaloni vijitundu vyake vinajiziba vyenyewe mti ukikomaa, ndiyo maana hauvuji. Wewe utaelewa hili kuliko mimi: mwaloni wa Ulaya haupasuliwi kwa msumeno, unapasuliwa kwa kabari kufuata nyuzi zake, maana ukikata nyuzi pipa litavuja. Kwa hiyo sehemu kubwa ya gogo haifai kwa pipa. Kisha mbao zinapangwa nje zinyeshewe na kupigwa jua miaka 2 au zaidi, ukali wake utoke. Pipa la Burgundy ni lita 228, halina msumari wala gundi, ni pete za chuma tu zinazolibana. Na hawa Latour hawanunui kwa watu, wana karakana yao ya mapipa pale Beaune na wanawauzia mapipa watengenezaji wengine.

SeremalaMafinga
Miaka miwili mbao inanyeshewa! Hapa mteja anataka kitanda Ijumaa.

MamaGangilonga
Asanteni sana, mhudumu nimemsomea yote, kanuna. Nilifikiria mishikaki na kachumbari ya pilipili.

KauntaMwanjelwa
Hapana mama, pilipili itaufanya mvinyo uonekane mchungu. Kuku wa kienyeji wa nazi, taratibu, na uyoga ukiupata. Ukimpata mtu wa kukuletea samaki mbasa kutoka Kyela, mkaange kwa siagi, chumvi tu, na viazi vya kuponda pembeni. Mishikaki watakula na bia.

MamaGangilonga
Mbasa naagiza kesho kwa dereva wa basi. Na ile chupa niliyofungua?

KauntaMwanjelwa
Rudisha kizibo, weka kwenye friji, ina siku 3 hivi. Usimwambie MwanaTukuyu.

MwanaTukuyu
Nimeshapanda gari.